Goma: Spana inayong'aa si lazima iwe ya chuma kizuri. Rangi ya vyombo vya garaji inamwambia fundi nini?

Katika garaji nyingi za mji wa Goma, spana ikianguka huanguka juu ya jiwe jeusi. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya lava ya Nyiragongo, ile ya mwaka wa 2002 na zile za zamani zaidi, na uani mwa garaji ni mawe hayohayo yanayokanyagwa kila siku. Spana nyeupe ya kromu huonekana mara moja. Nyeusi hupotea, hasa jioni umeme unapokatika, na fundi hupiga magoti akipapasa chini huku motari akisubiri pikipiki yake.

Hiyo ni sababu ya kwanza, tena ya haki kabisa, ya kupenda vyombo vinavyong'aa. Sababu ya pili ni usafi: grisi hutoka kwa kitambaa kimoja juu ya kromu laini, lakini juu ya chuma kikavu hushika na kukaa. Ya tatu ni mteja. Fundi anapofungua sanduku mbele ya mwenye gari, vyombo vinavyometa humwambia mteja kwamba ameingia kwa mtu anayejua kazi.

Tatizo ni kwamba soko nalo linajua upendo huo. Mng'ao ni kitu rahisi kupaka juu ya chuma kibaya. Kwa hiyo swali la rangi ya spana linapita urembo. Linagusa mfuko wa kijana anayeanza kazi, vidole vya fundi, na gurudumu la gari linalopanda milima ya Masisi likiwa limejaa watu.

Kromu ya nje na kromu ya ndani

Karibu kila spana inayouzwa kwetu, ya bei kubwa au ndogo, ina maneno mawili yaliyoandikwa kwenye mpini: Chrome Vanadium. Wanunuzi wengi huyasoma kama maelezo ya ule mng'ao. Sivyo. Maneno hayo yanataja chuma chenyewe, yaani chuma cha pua kilichochanganywa na kromu kidogo, kwa kawaida karibu asilimia 1, na vanadi kidogo zaidi. Mchanganyiko huo, ukipashwa moto na kupozwa jinsi inavyotakiwa, hutoa chuma kigumu kisichopinda haraka wala kuvunjika haraka.

Mng'ao wa nje ni kitu kingine. Spana iliyokwisha kutengenezwa hutumbukizwa katika maji ya dawa yenye umeme, ikapata kwanza tabaka la nikeli, kisha tabaka la kromu jembamba sana, mara nyingi chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kazi ya tabaka hilo ni kuzuia kutu na kupendeza macho. Haliongezi nguvu yoyote. Spana ya chuma laini iliyopakwa kromu itang'aa dukani sawasawa na ile ya chuma bora. Tofauti itajulikana siku ya kwanza ya kufungua nati iliyoshika kutu: mdomo wa spana unapanuka, pembe za nati zinaliwa, mkono unateleza na kugonga injini.

Upakaji mbaya una hatari yake pia. Kama chuma hakikusafishwa vizuri kabla ya kupakwa, kromu hubabuka kwa vipande vidogo vyenye makali kama ya chupa, navyo huingia kwenye ngozi ya kiganja. Zaidi ya hapo, umeme wa upakaji huweza kuingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Viwanda makini hupasha vyombo moto baada ya kupaka ili kuitoa hidrojeni hiyo. Kiwanda kinachokimbilia bei ya chini huweza kuruka hatua hiyo, na jicho la mnunuzi haliwezi kujua.

Nyeusi haina maana ya umaskini

Kwa wengi, chombo cheusi huonekana kama chombo ambacho hakikumalizwa. Lakini katika kazi ya magurudumu, rangi nyeusi ndiyo inayotakiwa.

Garaji zenye kompresa hutumia mashine ya upepo inayofungua nati kwa kuzipiga mapigo mengi kwa haraka. Vichwa vya boksi vinavyofaa mashine hiyo hutengenezwa kwa chuma chenye kromu na molibdeni, kuta zake ni nene, na ugumu wake hupunguzwa kidogo ili chuma kiweze kustahimili mapigo. Kikizidiwa, huanza kupanuka au kupasuka polepole. Kichwa cha boksi cha mkono, chenye kromu inayong'aa, ni kigumu zaidi na chembamba zaidi. Kikiwekwa kwenye mashine ya upepo kinaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa fundi. Rangi nyeusi imezoeleka kama alama ya kuvitenganisha viwili hivi, hata mtu asiyejua kusoma avitambue.

Alama hiyo inafanya kazi pale tu muuzaji na mnunuzi wanapoiheshimu. Sokoni, mtu anaweza kupaka rangi nyeusi juu ya kichwa chochote, kama vile mwingine anavyopaka kromu juu ya chuma laini. Ndiyo maana unene wa ukuta unapaswa kuangaliwa pamoja na rangi.

Nyeusi ina gharama yake pia. Tabaka jeusi hulinda chuma kidogo tu bila mafuta. Katika miji ya kando ya Ziwa Kivu, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, chombo cheusi kisichopakwa mafuta hushika kutu. Kwa hiyo fundi wa Bukavu anayechagua kromu kwa spana zake za kila siku hakosei.

Kati ya hizo mbili kuna kromu isiyong'aa, ya kijivu tulivu, ambayo kampuni za Ulaya kama Facom ya Ufaransa zimeitumia kwa miaka mingi. Wanaoipenda husema haitelezi sana mkono ukiwa na mafuta, na hairudishi mwanga machoni. Fundi anayefanya kazi chini ya gari akiwa na taa kwenye paji la uso anaelewa faida hiyo. Snap-on ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka wa 1920, huuza spana zake nyingi kwa namna mbili: inayong'aa na nyeusi. Anayenunua huchagua uso wa chombo kulingana na kazi na mfuko wake.

Rangi inapokuwa lugha

Kuna rangi nyingine ambazo hazihusu mng'ao wala kutu. Vichwa vya boksi vya magurudumu huuzwa mara nyingi vikiwa vitatu pamoja, kila kimoja na pete ya plastiki: buluu kwa 17, njano kwa 19, nyekundu kwa 21. Plastiki hiyo hulinda rimu isichubuke, na rangi humsaidia fundi kuchukua saizi bila kusoma namba iliyofunikwa na grisi. Katika mji ambao Toyota ni nyingi, na nati za magurudumu yake mara nyingi ni za 21, mkono huzoea nyekundu haraka. PB Swiss Tools ya Uswisi imefanya hivyo kwa funguo za pembe sita: kila saizi na rangi yake.

Rangi nyekundu au ya machungwa kwenye bisibisi na koleo ni jambo zito zaidi. Kwa vyombo vya umeme, rangi hizo zimezoeleka kwa vile vilivyofunikwa ili kumlinda fundi mpaka volti 1000. Katika baadhi yake, rangi ni mbili, moja juu ya nyingine: ya nje ikikatika na ya ndani kuonekana, chombo hicho hakifai tena. Lakini chenye kutoa uhakika ni alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V, kufuatana na kanuni ya kimataifa IEC 60900, na alama hiyo iwe imewekwa na kiwanda kilichopima kweli. Mpini wa plastiki nyekundu peke yake hauna maana. Leo, paneli za jua na betri kubwa zimeingia majumbani na madukani Goma, Butembo na Bunia, na fundi anayedanganywa na rangi hiyo hatapata muda wa kurudisha chombo dukani.

Ulaya na Marekani zinabadilisha mapishi

Mng'ao wa kromu uko pia katika mabishano ya nchi zenye viwanda. Maji ya dawa yanayotumika tangu zamani yana kromu ya aina inayoitwa ya sita, ambayo huleta kansa kwa wafanyakazi wanaovuta mvuke wake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017 kiwanda hakiruhusiwi kuitumia bila kibali maalum, na mwaka wa 2025 shirika la Ulaya la kemikali lilipendekeza masharti mapya. Jimbo la California nchini Marekani liliamua mwaka wa 2023 kuiondoa hatua kwa hatua, likianza na kromu ya mapambo.

Fundi anayeshika spana iliyokwisha kupakwa hana la kuogopa, maana kromu iliyo juu yake ni metali tu. Anayeumia ni aliye kiwandani. Lakini mabadiliko hayo yatafika mpaka Birere. Kromu ya aina ya tatu, inayochukua nafasi ya ile ya zamani, huweza kuwa na rangi nyeusi kidogo kuliko weupe uliozoeleka. Mnunuzi anayepima ubora kwa weupe anaweza siku moja kukataa chombo kizuri na kuchukua kibaya.

Jicho la mnunuzi ndiyo kipimo pekee

Vyombo vya garaji hufika mashariki mwa Kongo kwa njia ndefu. Vingi hutoka China, vingine hupitia Dubai, vikashuka Mombasa, vikavuka Uganda na kuingia kwa Kasindi au Bunagana. Wafanyabiashara wa Butembo wameijua njia hiyo kwa miaka mingi. Nchi ina ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa, OCC, lakini kupima ugumu wa spana moja moja ni kazi ya maabara. Spana ikifika kwenye meza ya duka, kinachobaki ni jicho la mnunuzi na neno la muuzaji.

Hali ya sasa inafanya jicho hilo liwe na haraka. Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na pesa taslimu zikawa ngumu kupatikana. Fundi anayenunua kwa mapato ya siku mbili au tatu hachagui kati ya chombo cha miaka ishirini na cha miezi sita. Anachukua kile anachoweza kulipa leo, na kati ya viwili vya bei moja, atachukua kinachong'aa. Baada ya miezi michache atakinunua tena. Hivyo ndivyo bei ndogo inavyogeuka kuwa kubwa.

Kuna vipimo ambavyo havihitaji maabara. Tupa ndogo ikisuguliwa mahali pasipofanya kazi, huuma chuma kigumu kwa shida na chuma laini kwa urahisi. Nati mpya ikiingizwa katika mdomo wa spana inapaswa kukaa bila kucheza. Maandishi na namba zilizopigwa kwa kina, zenye kingo safi, zinaonyesha kiwanda kinachojali. Mapovu na mikunjo chini ya kromu yanaonyesha kinyume chake. Sumaku haisaidii kitu, maana hushika chuma kizuri na kibaya bila kubagua.

Kipimo cha tupa huacha alama, na muuzaji ana haki ya kukikataa kwa mteja mmoja mmoja. Hapo ndipo umoja wa mafundi unapoweza kuwa na nguvu. Garaji tano zikinunua pamoja, zinaweza kulipia spana moja ya mfano, kuijaribu mpaka mwisho, kisha kuamua kuhusu sanduku zima. Muuzaji anayejua kwamba spana yake itajaribiwa huanza kujaribu mwenyewe kabla ya kuagiza. Na katika mafunzo ya kazi, kijana anayefundishwa kufungua injini afundishwe pia kwamba boksi nyeupe haiwekwi kwenye mashine ya upepo. Somo hilo linachukua dakika moja.

Fundi wa Goma ana sababu ya kupenda spana nyeupe juu ya lava nyeusi. Aendelee kuipenda, kwa sababu itamsaidia kuiona ikianguka. Lakini kabla ya kutoa pesa, aiweke nati mdomoni mwake na kuigeuza.