Kiinua Mgongo cha Bosi, Mfuko wa Nani?

Kila shirika la ndege linaposukwa upya, hoja ni ileile: mkurugenzi apewe donge nono aondoke kwa amani, maana kuvutana naye mahakamani ni ghali zaidi. Kwa kampuni binafsi, sawa. Kwa Uganda Airlines, hapana.

Shirika hilo, lililofungwa 2001 na kurudi angani Agosti 2019, ni mali ya serikali. Malipo ya wakubwa wake hutoka mfuko uleule anaouchangia dereva wa bodaboda pale mnara wa saa Mbale kila anapotia petroli.

“Mkataba ni mkataba,” wanasema watetezi wa malipo hayo. Kwa nani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, ikazama na East African Airways na reli iliyopita Jinja na Mbale. Mapatano ya kugawana mali na madeni, pensheni zikiwamo, yalitiwa saini Arusha Mei 1984. Miaka saba wafanyakazi wake wakingoja, nao walikuwa na mikataba!

Kipimo cha kiinua mgongo kipo. Mwaka 2015, katika kesi dhidi ya benki ya DFCU, Mahakama ya Viwanda ya Uganda iliweka mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi pasipo na makubaliano mengine. Bosi wa miaka miwili alipwe miezi miwili, na hesabu itangazwe kabla hajakabidhi ofisi.