Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Ruangwa: Ufuta na Msitu Vipangwe Pamoja

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Ruangwa.

Nakuandikia kwa heshima kutoka Chinongwe. Ombi langu ni moja: kilimo, misitu, mifugo na maji vipangwe katika kikao kimoja. Leo kila idara ina mpango wake, ilhali ardhi ni hiyohiyo.

Chukua ufuta. Bei ikipanda mnadani, mkulima hufyeka msitu, maana shamba jipya lina rutuba na magugu machache. Baada ya misimu michache rutuba hupungua, palizi humshinda, naye husogea mbele. Moto wa kusafishia shamba hutoroka na kuunguza miche ya mpingo, mti unaochukua miongo kadhaa kukomaa. Kijiji kisicho na mbao za kuuza hakina fedha za doria, na msitu usio na doria hufyekwa upesi zaidi. Hivyo ekari anazozisifu bwana shamba ndizo hasara ya bwana misitu, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Madhara ya kupanga jambo moja bila kuangalia mengine yamekwisha kutupata. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufika Nachingwea, ulihesabu matrekta na ekari kabla ya kuujua udongo na mvua. Mwaka 1951 ulivunjwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa bonde la Usangu ili kuokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mkoani kwetu Lindi. Ugomvi wa malisho na mashamba ukahamia huku.

Kwa hiyo naomba tuanze na kata moja, Chinongwe. Vijiji vipewe mipango ya matumizi ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na mipango hiyo ipitiwe upya kila baada ya mavuno: nini kimefanikiwa, nini kimeharibu kingine. Sehemu ya ushuru wa ufuta ilipie doria za msitu wa kijiji. Maofisa ugani wawasaidie wakulima kurutubisha mashamba ya zamani, ili kubaki shambani kulipe kuliko kufyeka. Tukikosea katika kata moja, tutarekebisha kabla wilaya nzima haijaumia.

Kikao cha kwanza kiitwe kabla ya msimu wa kufyeka, na wakulima, wafugaji na kamati za maliasili za vijiji waalikwe. Tutakuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima wa ufuta, Chinongwe