Ekstensheni ya Spana: Ni ya Kufikia, si ya Kuongeza Nguvu

Katika gereji za Kitui, Mwingi, Wote na Makindu, aghalabu vijana wanaojifunza ufundi wa motokaa huamini ya kuwa chuma kirefu kina nguvu kuliko chuma kifupi. Imani hiyo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo iharibuyo nati na kuwatia watu hasara. Mpini mrefu huongeza nguvu. Ekstensheni ndefu haiongezi.

Ekstensheni ni ile fimbo ya chuma itiwayo kati ya mpini na soketi, ili soketi ipate kuifikia nati iliyo mbali. Upande mmoja ina tundu la mraba, na upande wa pili ina ncha ya mraba yenye gololi ndogo inayoishika soketi isianguke.

Nguvu ya kuzungusha nati hutokana na mambo mawili: jinsi mkono unavyovuta, na urefu wa mpini kutoka katikati ya nati. Mkono ule ule ukivuta mpini wa sentimita 60, nguvu huwa mara mbili ya ile ya mpini wa sentimita 30. Lakini ekstensheni husimama juu ya nati kama nguzo, na urefu wake haumo katika hesabu hiyo. Iwe ya inchi 3 au ya inchi 10, nguvu ifikayo kwenye nati ni ile ile, mradi fimbo imenyooka na mkono wavuta kwa utulivu. Ikiwa ndefu mno huelemea upande, soketi ikakaa mshazari na kuzila kona za nati mpaka zikawa mviringo. Nati ya namna hiyo haishikiki tena kwa spana, na kazi ya dakika 5 hugeuka kuwa ya patasi na nyundo mchana kutwa.

Basi yampasa fundi kuchagua ekstensheni iliyo fupi kuliko zote zinazofika, ikiacha nafasi ya mpini kuzunguka bila vidole kugonga chuma. Ni afadhali moja ya urefu unaofaa kuliko tatu zilizounganishwa, kwa maana kila kiungo hulegea kidogo.

Unene nao utazamwe. Chuma cha inchi 1/2 hustahimili zaidi ya mara mbili ya kile cha inchi 3/8 kilicho cha aina moja nacho. Kwa hiyo mtu atiaye kipunguzo ili mpini wa inchi 1/2 uzungushe ekstensheni ya inchi 3/8, asishangae ikikatika mkononi mwake. Tena ekstensheni zing'aazo ni za kazi ya mkono; bunduki ya upepo yataka zile nyeusi zilizotengenezwa kwa kupigwa, kwani zile zing'aazo zaweza kupasuka na vipande kumrukia mtu machoni.

Madereva wa malori wapitao barabara ya Mombasa, kutoka Sultan Hamud mpaka Mtito Andei, wanaijua taabu ya magurudumu ya nyuma, ambayo nati zake zimezama ndani ya rimu. Hapo hapana budi kutumia ekstensheni nene. Dereva akiukanyaga mpini pasipo egemeo, uzito wake huiinamisha fimbo, soketi ikachomoka, naye akaanguka juu ya lami. Fundi mwenye busara huweka stendi imara chini ya ekstensheni, karibu na mpini. Uzito hubebwa na stendi, na nati hupata mzunguko peke yake.

Kwa plagi, mambo ni kinyume. Plagi nyingi za motokaa za siku hizi zimezama ndani ya silinda hedi ya aluminiamu, ambayo uzi wake huharibika upesi. Fundi na aishike ekstensheni kwa vidole bila mpini, aizungushe mpaka plagi ikae. Ikigoma mapema asiilazimishe, bali airudishe nyuma aanze upya. Mpini hutiwa mwisho, kwa kukaza tu.

Kazi ikiisha, vumbi lipanguswe katika tundu na gololi, kwa maana soketi isiyokaa sawasawa ni mwanzo wa nati kuharibika. Matatu itokayo Kibwezi kwenda Kitui kwa njia ya Ikutha na Mutomo hubeba akina mama, wanafunzi na wagonjwa, na hakuna hata mmoja wao aliyeiona nati ikikazwa. Wote wameweka roho zao katika mikono ya fundi, na fundi hana budi kujua ni chombo gani kifikishacho na ni chombo gani kitiacho nguvu.