Sifa Hairithiwi

Mtoto wa nyoka ni nyoka, wasema wahenga. Je, mtoto wa mwalimu hodari wa mpira wa kikapu naye ni hodari? Katika vyuo vikuu vya Marekani ziko nyumba ambazo jina lao peke yake hufungua milango. Bob Knight aliipatia Indiana ubingwa wa taifa mara tatu: 1976, 1981 na 1987. Alipojiuzulu Texas Tech mwaka 2008, timu ilikabidhiwa mwanawe Pat. Mwaka 2011 Pat akaondolewa.

Scott Drew naye alirithi kiti cha baba yake, Homer, pale Valparaiso mwaka 2002. Lakini hakudumu kivulini. Mwaka uliofuata alikwenda Baylor, timu iliyoangushwa na kashfa, akaijenga hata ikatwaa ubingwa mwaka 2021.

Huyo astahili sifa. Lakini sifa hiyo ni yake, si ya ukoo. Mlango ukifunguliwa kwa jina la baba, mwenye bidii asiye na jina hubaki nje. Kwa hiyo rai yetu ni moja: kila mtu na apimwe kwa jasho lake mwenyewe.