Risala ya Tuliopata Kiharusi na Wanaotuuguza, Garissa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, na kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Garissa:

Waheshimiwa, mkono uliopooza tumeuzoea. Kinachotushinda ni maumivu yaliyofuata, kwa wengine baada ya wiki chache, kwa wengine baada ya miezi. Upande ule ule uliopooza unawaka kama uliomwagiwa maji moto, na shuka ikigusa ngozi mtu mzima hupiga yowe. Tukieleza, tunaambiwa ni mawazo, tunapewa Panadol. Panadol haifui dafu.

Haya si mawazo. Dejerine na Roussy, madaktari wa Paris, waliyaeleza mwaka 1906. Jeraha limo ubongoni, kwenye njia za hisia, ndiyo maana dawa za kawaida haziyatulizi. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, huwasaidia baadhi yetu.

Wasiosaidika wana tiba ya sumaku. Koili huwekwa kichwani, juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha viungo, upande ulio kinyume na maumivu, na kutoa mapigo kama 10 kwa sekunde. Hakuna kisu wala nusukaputi. Miongozo ya wataalamu wa Ulaya ya 2014 na 2020 iliipa daraja la juu kabisa la ushahidi kwa maumivu ya neva. Hatuombi muujiza: si wote wanaopata nafuu, na nafuu yenyewe hufifia tiba ikikatizwa.

Hapo ndipo lilipo dai letu. Tiba hii hurudiwa siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Kuifuata Nairobi ni zaidi ya kilomita 350 kutoka hapa. Ndugu zetu wa Mandera husafiri zaidi ya 600 hata kufika Garissa. Mgonjwa wa kubebwa hadi kwenye basi hawezi safari hiyo, sembuse kodi ya chumba mjini.

Kwa hiyo tunadai, tena mwezi huu, amitriptilini isikosekane katika hospitali za kaunti, na kila aliyepata kiharusi aulizwe kuhusu maumivu anaporudi kliniki, kwa Kisomali ikibidi. Kisha mashine ya sumaku iletwe Garissa, ihudumie pia Wajir, Mandera na kambi za Dadaab. Wahudumu wa hapa wasomeshwe kuitumia kabla haijafika, maana mashine isiyo na mtaalamu huvuta vumbi tu. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) nayo iilipie tiba hii. Ibara ya 43 ya Katiba inatupa haki ya afya ya kiwango cha juu kabisa, nasi ni Wakenya.

Tunaomba jibu la maandishi, lenye tarehe.