Bunia: Wazee wa Zaïko wasiondoke na kumbukumbu zao

Karibu na soko kuu la Bunia kuna fundi cherehani mwenye umri wa zaidi ya miaka 60. Wateja wengi hawajui jina lake la kweli. Watoto wa kartye wanamwita Papa Zaïko, naye anaitika. Juu ya meza yake, kando ya mkasi na kipimo, kuna redio ndogo inayosoma kadi ya memori. Ndani ya kadi hiyo kuna orkesta moja tu: Zaïko Langa Langa. Kijana akimwomba aweke Fally Ipupa, mzee anamjibu kwa upole kwamba redio ya jirani inasikika vizuri tu kutoka hapo.

Vijana wanacheka. Mke wake naye analalamika kwamba pesa iliyonunua mawe ya redio tangu waoane ingetosha kuezeka nyumba ya pili. Wengine wanasema mzee amebaki nyuma. Wanaosema hivyo wanakosea, na kosa hilo litaugharimu mji mzima.

Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa tarehe 24 Desemba 1969. Waanzilishi wake walikuwa vijana wadogo, umri wa wale wanaoendesha pikipiki mjini Bunia leo. Wakati huo orkesta kubwa, kama OK Jazz ya Franco, zilikuwa na saksofoni na tarumbeta. Vijana hao waliweka mbele gitaa, ngoma na sauti za waimbaji wengi kwa pamoja. Mpiga ngoma wao, Meridjo Belobi, anatajwa hadi leo kuwa baba wa mdundo wa cavacha, na inasimuliwa kwamba aliupata kwa kusikiliza mwendo wa treni. Miaka ya 1980 Zaïko ndiyo iliyowapandisha jukwaani ma-atalaku, wale wanaopiga kelele za kuchochea ngoma. Kijana anayecheza nyimbo za leo na kumcheka fundi wetu anacheza kwenye kiwanja kilichosafishwa na Zaïko.

Kwa mtu wa Bunia, kupenda orkesta ya Kinshasa ni kupenda kwa mbali. Asiye na pesa ya ndege anabaki na barabara hadi Kisangani, kisha chombo cha majini kwenye mto Kongo kwa siku nyingi. Fundi huyu hajawahi kufika Kinshasa. Hajawahi kuwaona wanamuziki wake jukwaani. Aliwajua kwa Sauti ya Zaire, redio ya taifa, kwa mawimbi yaliyokuja na kupotea, na kwa kaseti zilizoletwa na wafanyabiashara waliotoka Kisangani. Alijifunza Lingala kwa nyimbo hizo kabla ya kuisikia kwa askari. Alipoanza ushonaji, suruali ya kwanza aliyoikata bila kuelekezwa aliiga ile aliyoiona kwenye jalada la sahani ya muziki.

Kubaki mwaminifu kwa Zaïko si kazi rahisi, kwa sababu orkesta yenyewe imegawanyika mara nyingi. Mwaka 1974 Papa Wemba, Evoloko na wenzao walitoka na kuanzisha Isifi Lokole. Mwaka 1977 Papa Wemba akaunda Viva La Musica. Mpiga gitaa Manuaku Waku akaenda na Grand Zaïko Wawa. Mwaka 1988 kundi jingine likajitenga kwa jina la Familia Dei. Kila mara wapenzi wa muziki walilazimika kuchagua. Fundi alibaki na Jossart N'yoka Longo, ambaye hajaiacha Zaïko tangu mwanzo.

Lakini hakuwafuta waliotoka. Papa Wemba alipoanguka jukwaani Abidjan na kufariki, tarehe 24 Aprili 2016, ilikuwa Jumapili. Jumatatu fundi hakufungua duka. Mteja mmoja alimuuliza kwa nini anamlilia mtu aliyeiacha Zaïko miaka 42 kabla. Alijibu: "Mtoto akihama nyumba, haachi kuwa mtoto."

Jibu hilo lina uzito katika mji huu. Kuanzia mwaka 1999 watu wa Ituri walianza kuulizana kabila kabla ya kuulizana hali. Waliokuwa wakisikiliza redio moja jioni wakajikuta pande mbili. Mwezi Mei 2003, mapigano yalipowaka ndani ya Bunia, maelfu walikimbia. Wengine walijaa karibu na uwanja wa ndege, wengine walishika barabara ya Komanda kwenda Beni. Fundi alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alibeba kichwa cha cherehani begani. Kaseti zilibaki ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Aliporudi alikuta nyumba imeporwa, na sanduku halipo. Kilichobaki ni kile alichokuwa nacho kichwani: nani aliimba wimbo gani, nani alipiga gitaa, nani alitoka mwaka gani. Baada ya majuma machache mtu mmoja wa kabila la upande wa pili alisimama mlangoni. Kabla ya vita wawili hao walikuwa wakibishana kila Jumamosi, kwa sababu mgeni huyo alikuwa mtu wa Familia Dei. Alisimama kimya kidogo, kisha akauliza: "Bado unasema Familia Dei si Zaïko?" Fundi akamvutia kiti. Siku ile walibishana hadi giza likaingia. Habari za vita hawakuzigusa.

Ni lazima kusema ukweli: muziki haukuleta amani Ituri. Hakuna aliyetupa panga kwa sababu ya gitaa. Lakini watu wawili walikuwa na ugomvi wa zamani ambao haukumuua mtu, na ugomvi huo ukawapa njia ya kukaa tena pamoja. Mji wenye njia chache namna hiyo hauwezi kudharau hata moja.

Wapo watakaosema kwamba huu si wakati wa kuzungumza juu ya nyimbo za zamani. Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, na familia nyingi zimelala miaka chini ya turubai huko Kigonze. Hoja hiyo ni ya haki. Chakula na usalama vinatangulia. Hata hivyo, mwaka huohuo, tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa dunia, kwa ombi la Kongo zote mbili. Kama rumba ni urithi wa dunia, ni urithi wa mkimbizi wa Kigonze pia. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na picha za wazazi wake anahitaji kitu kinachomkumbusha kwamba aliishi kabla ya vita.

Urithi hautunzwi na wanaoimba peke yao. Unatunzwa pia na wanaosikiliza na kukumbuka. Huko Bunia watu hao wanazeeka, na hakuna anayewaandika. Dawa haidai bajeti ya serikali. Redio za mji zinaweza kuwapa wazee hao saa moja kwa juma, na kuhifadhi kila kipindi badala ya kukifuta. Wanafunzi wa habari wanaweza kwenda kwao na simu tu. Wenye maduka ya kuweka nyimbo kwenye kadi wanaweza kuandika jina la wimbo na la mwimbaji, maana leo kijana anaondoka na nyimbo 500 zenye namba bila majina.

Hapo fundi mwenyewe ana deni. Kadi yake ilijazwa kwa pesa kidogo katika duka la jirani, na hakuna franka hata moja iliyofika kwa wanamuziki anaowapenda. Analijua hilo, na halimfurahishi. Upendo wa miaka zaidi ya 40 ulistahili njia ya kulipa, na njia hiyo haijamfikia mtu wa Bunia.

Siku hizi fundi ana mwanafunzi wa miaka 17, aliyezaliwa vita vya 2003 vimekwisha. Mwanzoni kijana alikuwa anaziba masikio. Juma lililopita, katikati ya wimbo, aliuliza ni nani anayepiga gitaa hilo. Mzee alisimamisha cherehani na kuanza kueleza. Sketi ya mteja ilichelewa hadi kesho yake.