Mambo ya Nyumbani: Sweta la Flisi kwa Mama Aendaye Nchi ya Baridi

Dada mmoja, mke wa konstebo wa polisi, ameniandikia kwamba mumewe amehamishwa kutoka Soroti kwenda Kabale. Yeye amezoea jua, na sasa ataishi mahali palipoinuka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto hushuka hata kukaribia nyuzi 10, na ukungu wa asubuhi hauna haraka ya kuondoka. Anauliza anunue sweta la namna gani la kushinda nalo nyumbani, kwendea sokoni na kuwatembelea jirani, kwa kuwa fedha aliyo nayo yatosha sweta moja tu. Mimi nilitumikia huko miaka mitatu, na baridi yake naikumbuka hadi leo.

Jibu langu ni kwamba atafute sweta la flisi. Kitambaa hiki kilianza kutengenezwa mwaka 1979 katika kiwanda cha Malden Mills, huko Massachusetts, Marekani. Jina lake kwa Kiingereza ni lile la manyoya ya kondoo, lakini hakuna kondoo aliyenyolewa kwa ajili yake. Ni nyuzi za poliesta, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli, na siku hizi nyingine hutoka katika chupa za plastiki zilizosagwa na kuyeyushwa. Nyuzi hizo huchambuliwa kwa brashi mpaka zikasimama kama manyoya, na katikati yake hewa hukamatwa. Hewa hiyo ndiyo iletayo joto. Kwa kuwa poliesta hainywi maji hata asilimia 1 ya uzito wake, sweta likifuliwa asubuhi penye upepo mchana huweza kuvaliwa. Huko Kabale, ambako sweta la sufu laweza kukaa kambani siku mbili likinuka unyevu, jambo hilo si dogo.

Wengi wetu tutalinunua katika mitumba, iwe Owino mjini Kampala au katika soko la wilaya. Basi, dada, usilipokee likiwa limekunjwa. Likunjue, uligeuze ndani nje, kisha ulinyanyue kuelekea jua. Ukiona mwanga umepenya kwa wingi kwenye viwiko na mgongoni, manyoya yamekwisha na joto limekwenda pamoja nayo. Sugua upande mmoja juu ya mwingine mara kumi hivi: likitoa vipira vidogo vya nyuzi, mwaka hautapita kabla halijafanana na mkeka wa zamani. Vuta ukingo wa mkono na uuachilie. Usiporudi mahali pake, uache. Zipu uifungue na kuifunga mara tatu mbele ya mwuzaji, hata akinung'unika.

Namba za vipimo zisikudanganye. Namba 12 ya Uingereza ni karibu sawa na namba 8 ya Marekani, na katika rundo moja zimechanganyika zote. Chukua utepe wa kupimia, au ulijaribu juu ya blauzi unayovaa kila siku, kwa maana halivaliwi peke yake. Inama kama unayefagia: mgongo ukibaki wazi, ni fupi. Mama anyonyeshaye atafurahia lenye zipu ndefu kuliko la kuvalia kichwani. Abebaye mtoto mgongoni aliepuke lenye kofia nene, kwa sababu kofia hiyo humlalia mtoto usoni.

Kuhusu rangi sina ubishi na mtu, ila kwa jambo moja. Katika mitumba hupatikana masweta ya mabaka yanayofanana na sare za jeshi. Sheria ya majeshi ya Uganda ya mwaka 2005 inakataza raia kuvaa sare za jeshi bila idhini, na mke wa askari ni raia kama wengine. Usimtie mumeo katika maswali kwa sababu ya sweta.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii badala ya kumjibu dada kwa barua. Katika kambi niliyokaa, mke wa koplo mmoja, jirani yangu, alikuwa akigeuza sufuria juu ya sigiri jioni akiwa amevaa sweta la flisi lenye mikono mipana. Ukingo wa mkono uligusa mkaa. Haukuwaka kwa moto mkubwa; uliyeyuka na kugandamana na ngozi ya kifundo cha mkono. Yeye kwa uchungu akauvuta, na ngozi ikatoka nao. Pamba nayo huungua, lakini haiyeyuki wala hainati hivyo, na hiyo ndiyo hatari ya flisi ambayo mwuzaji hakuambii. Kwa hiyo, kabla ya kusogelea sigiri, livue na ulitundike mbali, ujifunge kitenge cha pamba kwa kukikaza, pasiwe na ncha inayoning'inia. Watoto nao waangaliwe vivyo hivyo, maana wao hupenda kuota moto kwa karibu. Ajali ikitokea, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20, usikibandue kitambaa kilichonata, usipake siagi wala dawa ya meno, kisha nenda zahanati.

Pasi nayo ni adui yake, hasa pasi ya mkaa, ambayo haina kipimo cha joto. Lifue kwa maji ya baridi au ya vuguvugu, limegeuzwa ndani nje, kwa sabuni kidogo, usilichemshe. Ukilikung'uta vizuri na kulitundika, halihitaji kunyooshwa.

Upepo hupita katikati ya flisi kwa urahisi, hivyo siku utakayopanda pikipiki kwenda mjini utavaa koti jepesi juu yake. La kwangu, la rangi ya damu ya mzee, nililipata Owino baada ya kukataa mengine sita, na huko Kabale lilikuwa na msumari wake nyuma ya mlango wa sebule, si jikoni.